Virusi vya influenza vilivyodhoofishwa na chanjo hai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara nchini Uganda

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayoulizwa na wazazi, walimu wa sayansi, wanafunzi wa uuguzi na wahudumu wa timu za afya za vijijini kila inaposikika kwamba ipo chanjo ya influenza ambayo haidungwi bali hupulizwa puani, na kwamba ndani yake mna virusi vilivyo hai. Wasiwasi unaoandamana na maswali hayo ni wa haki, na unastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa amri. Ukurasa huu haukusudii kumhimiza mtu adai chanjo ambayo haimo katika ratiba ya kawaida ya Uganda. Unaeleza jinsi kirusi kinavyodhoofishwa, kwa nini udhaifu huo hudumu, na ni swali lipi ambalo jibu lake haliwezi kuagizwa kutoka ng'ambo.

Je, influenza ni mafua haya haya tunayoyajua?

Hapana. Mafua ya kawaida, yanayompigisha mtu chafya siku mbili tatu huku akiendelea na kazi zake, husababishwa na virusi vya aina nyingi zisizohusiana. Influenza ni ugonjwa wa virusi vya familia moja, na humwangusha mtu ghafla kwa homa kali, maumivu ya misuli, kikohozi kikavu na uchovu unaoweza kudumu hata baada ya homa kushuka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayoletwa na influenza ya msimu. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wajawazito na wenye maradhi ya kudumu.

Nchini Uganda homa ya ghafla ya mtoto hudhaniwa kwanza kuwa malaria, na ni sahihi kabisa apimwe malaria. Tatizo hutokea pale kipimo kinapoonyesha kwamba hana malaria, kisha hakuna anayeuliza ana nini. Ndiyo maana uzito wa influenza katika nchi za joto ulichelewa sana kutambuliwa, na hata leo wengi huiona kuwa maradhi ya nchi za baridi.

Virusi vinavyohusika na chanjo ni vya aina A na aina B. Aina A huishi pia katika ndege, nguruwe na wanyama wengine, na ndiyo iliyoleta majanga ya dunia ya mwaka 1918, 1957, 1968 na 2009.

Chanjo hai ni nini, na je, ni jambo geni kwetu?

Chanjo hai ni ile yenye kijidudu kilicho hai bado, kinachoweza kuzaliana mwilini kwa kiasi kidogo, lakini kilichopokonywa uwezo wa kuleta ugonjwa wenyewe. Si jambo geni hata kidogo. Mtoto anayezaliwa hospitalini Uganda hupewa BCG dhidi ya kifua kikuu pamoja na matone ya polio, na zote mbili ni chanjo hai. Chanjo ya surua na rubela ni hai, ya rota ni hai, na ya homa ya manjano, iliyoingizwa katika ratiba ya kawaida mwaka 2022, nayo ni hai. Mzazi anayeiogopa chanjo ya influenza kwa sababu tu ni hai huenda hajaambiwa kwamba mwanawe amekwisha kupokea kadhaa za namna hiyo.

Entebbe pana uhusiano wa karibu na historia hii. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, inayojulikana kwa kifupi UVRI, ilianzishwa mwaka 1936 kwa ufadhili wa Wakfu wa Rockefeller ili kuchunguza homa ya manjano. Katika miaka hiyo hiyo, Max Theiler, aliyefanya kazi kwa wakfu huo huo, alikuwa akikidhoofisha kirusi cha homa ya manjano kwa kukipitisha tena na tena katika tishu za viinitete vya kuku. Chanjo aliyoipata, iitwayo 17D, ilimletea Tuzo ya Nobel mwaka 1951 na inatumika hadi leo. Kuidhoofisha influenza kulifuata mkondo huo huo wa fikra.

Kirusi cha influenza hudhoofishwa vipi hasa?

Jibu fupi ni kwamba kirusi huzoeshwa baridi. Jibu refu linastahili nafasi zaidi, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Hewa tunayoivuta huingia puani ikiwa na ubaridi kiasi, hivyo ukuta wa ndani wa pua huwa na joto la nyuzi 33 hivi za Selsiasi. Mapafu, yaliyo ndani kabisa ya kifua, yana joto la mwili, yaani nyuzi 37. Kirusi cha influenza cha mwituni, yaani kile cha asili kinachozunguka kwa watu, humudu sehemu zote mbili. Huanza puani na kooni, na kikishuka mapafuni huleta nimonia, ambayo ndiyo huua. Watafiti walijiuliza iwapo kirusi kingeweza kufanywa kipende ubaridi kiasi cha kushindwa kuvumilia joto la mapafu. Kirusi cha namna hiyo kingezaliana puani, ambako kingeuonyesha mwili sura yake yote na kuamsha kinga, lakini kisingeweza kuendelea kule chini ambako madhara hutokea.

Njia waliyoitumia ilihitaji subira. Kirusi hupandwa katika mayai ya kuku yenye viinitete au katika seli za figo za kuku zilizooteshwa maabara, kisha kizazi kinachopatikana hupandwa tena, na tena, huku joto likishushwa hatua kwa hatua hadi kufikia nyuzi 25. Katika joto hilo la chini virusi vingi hushindwa kuzaliana. Vinavyosalia ni vile ambavyo, kwa makosa ya kawaida ya kunakili jeni zao, vimepata mabadiliko yanayovifaa katika baridi. Baada ya vizazi vingi hupatikana kirusi chenye sifa tatu zinazokwenda pamoja. Kwanza, huzaliana vizuri katika nyuzi 25, jambo ambalo cha mwituni hakiliwezi. Pili, hushindwa katika joto kubwa, ambalo ni nyuzi 39 kwa aina A na nyuzi 37 kwa aina B. Tatu, hakileti ugonjwa wa influenza kwa mnyama wa majaribio wala kwa binadamu. Sifa hiyo ya tatu hupimwa kwanza kwa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche wanaofugwa maabara, ambao huugua influenza karibu kama sisi, na hata chafya hupiga. Kirusi kilichodhoofishwa ipasavyo huonekana kwa wingi katika pua zao na hakionekani katika mapafu yao.

Nani walioifanya kazi hiyo, na lini?

Kirusi cha influenza ya binadamu kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933 jijini London na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw. Haukupita muda mrefu kabla ya Anatoly Smorodintsev kuanza majaribio ya chanjo hai katika jiji la Leningrad, Urusi ya Kisovieti, katika muongo huo huo. Kazi ya Leningrad iliendelea kwa miaka mingi, na ndiyo iliyozaa kirusi kiitwacho A/Leningrad/134/17/57, kilichotokana na kirusi cha janga la mwaka 1957.

Nchini Marekani, Hunein Maassab wa Chuo Kikuu cha Michigan alichukua kirusi cha mwaka 1960, akakizoesha baridi, na kutangaza matokeo yake mwaka 1967. Kirusi hicho, A/Ann Arbor/6/60, pamoja na mwenzake wa aina B wa mwaka 1966, ndivyo msingi wa chanjo iitwayo FluMist, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Kati ya tangazo la Maassab na idhini hiyo ilipita miaka 36. Wanaodhani chanjo hii ilitengenezwa kwa haraka waitazame tarehe hiyo.

Ikiwa kirusi kilichodhoofishwa ni cha mwaka 1960, kinawezaje kukinga influenza ya mwaka huu?

Kwa peke yake hakiwezi, na hapa maumbile ya influenza yenyewe yamewasaidia watafiti. Jeni za kirusi hiki hazikuungana katika uzi mmoja bali zimegawanyika katika vipande vinane vilivyo mbalimbali. Viwili kati ya hivyo hutengeneza protini za juu ya ngozi ya kirusi, yaani hemaglutinini, ambayo hukishikiza kirusi kwenye seli, na neuraminidesi, ambayo hukiwezesha kuondoka kwenye seli kikiisha kuzaliana. Kinga ya mwili hukitambua kirusi hasa kwa protini hizo mbili, nazo ndizo zinazobadilika mwaka hadi mwaka. Vipande sita vilivyobaki hushughulika na mambo ya ndani, na mabadiliko yanayokidhoofisha kirusi cha chanjo yamo katika vipande hivyo vya ndani.

Virusi viwili tofauti vikiingia katika seli moja, watoto wao huweza kurithi vipande kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo kirusi kilichozoeshwa baridi huwekwa pamoja na kirusi kinachovuma mwaka huu, kisha katika mchanganyiko wa watoto huchaguliwa kile chenye vipande sita vya ndani kutoka kwa mzazi dhaifu na vipande viwili vya nje kutoka kwa mzazi mpya. Mfano wake ni taksi ya Kampala iliyofungwa kidhibiti mwendo, ambayo bodi yake hubadilishwa ilhali injini iliyopunguzwa kasi inabaki ile ile. Mwili huiona sura ya kirusi cha leo, lakini uwezo wa kirusi hicho kudhuru ni ule uliopunguzwa zamani.

Je, bado virusi huchanganywa hivyo, kwa kubahatisha watoto?

Njia hiyo ya zamani bado inafaa na bado inatumika katika baadhi ya maabara. Hata hivyo, tangu mwaka 1999 imewezekana kukijenga kirusi cha influenza chote kutoka katika nakala za jeni zake zilizohifadhiwa ndani ya plasmidi, ambazo ni vipande vya mviringo vya DNA. Plasmidi za vipande vyote vinane huingizwa katika seli, nazo seli hutoa kirusi chenye mpangilio uliokusudiwa. Faida kubwa ni usafi wa mbegu, yaani kirusi cha mwanzo ambacho chanjo huzalishwa kutokana nacho, kwa kuwa hakuna kijidudu kingine kinachoweza kuingia pamoja na kirusi kilichochukuliwa kwa mgonjwa.

Nani huamua ni virusi gani viwekwe katika chanjo ya mwaka fulani?

Shirika la Afya Duniani lina mtandao wa maabara za uchunguzi wa influenza ulioanzishwa mwaka 1952. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na mwezi wa Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini, wataalamu hukutana na kupendekeza virusi vya kutumiwa. UVRI ya Entebbe ndiyo kituo cha kitaifa cha influenza kwa Uganda katika mtandao huo, na sampuli za pua na koo zinazochukuliwa kwa wagonjwa katika hospitali zetu ni sehemu ya taarifa zinazotumika. Mgonjwa anayekubali kuchukuliwa sampuli hiyo, ingawa pamba inayoingizwa puani haipendezi, anashiriki katika uamuzi unaohusu dunia nzima.

Mstari wa ikweta unapita katikati ya nchi yetu, na influenza huonekana hapa karibu mwaka mzima, ikipanda na kushuka. Swali la iwapo Uganda ingefuata mapendekezo ya Februari au ya Septemba kwa hiyo si la jiografia tu. Lingejibiwa kwa takwimu za miezi ambamo wagonjwa huongezeka, na takwimu hizo hukusanywa na sisi wenyewe.

Jambo moja limerahisika hivi karibuni. Ukoo wa aina B uitwao Yamagata haujathibitishwa kuzunguka popote tangu Machi 2020, hivyo chanjo zinarudi kuwa na virusi vitatu badala ya vinne.

Je, kirusi kilichodhoofishwa kinaweza kurudia ukali wake?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na Waganda wana sababu ya kuliuliza. Mwaka 2021 kirusi cha polio aina ya 2 kilichotokana na chanjo kiligunduliwa katika maji taka jijini Kampala, na mwezi wa Januari 2022 ikafanyika kampeni ya kuwapa watoto nchini kote chanjo mpya ya matone, nOPV2, ambayo jeni zake zimeimarishwa zisibadilike kwa urahisi. Mtu aliyeyasikia hayo akiuliza kuhusu influenza, asijibiwe kwamba haiwezekani na mazungumzo yakaishia hapo.

Tofauti ya kwanza iko katika idadi ya kufuli. Kirusi cha zamani cha chanjo ya polio aina ya 2 kilishikiliwa na mabadiliko machache sana, na moja kati ya hayo hupotea kwa urahisi ndani ya utumbo. Katika A/Ann Arbor/6/60, kutovumilia joto kunatokana na mabadiliko matano yaliyosambaa katika jeni tatu tofauti, PB1, PB2 na NP. Likipotea moja, mengine bado yanakishika kirusi. Tofauti ya pili ni muda. Virusi vya polio vilivyogeuka ni vile vilivyozunguka kwa miezi mingi kutoka mtoto hadi mtoto katika jamii zenye watoto wengi wasiochanjwa, kwa njia ya choo na maji. Kirusi cha chanjo ya influenza hutoka puani kwa siku chache, kwa kiasi kidogo, na ni mara chache mno kumfikia mtu mwingine. Virusi vilivyochukuliwa tena kutoka katika pua za watoto waliochanjwa vimechunguzwa mara nyingi, navyo vilikutwa vikihifadhi sifa zile za kupenda baridi na kushindwa katika joto.

Liko jambo la pili ambalo waandishi wengi hulipita kimya, nalo ni kubadilishana vipande. Ikiwa virusi huchanganyika ndani ya seli moja maabara, mtoto aliyechanjwa akiwa tayari na influenza ya mwituni anaweza kuwa mahali pa mchanganyiko. Katika influenza ya msimu hofu hiyo ni ndogo, kwa kuwa vipande vya nje vya chanjo tayari vinazunguka katika jamii, na vya ndani ni dhaifu kuliko vya mwituni, hivyo mchanganyiko haukipi kirusi nguvu mpya. Hali ni tofauti kwa virusi ambavyo binadamu hawana kinga navyo, na hilo linajibiwa hapa chini katika swali la homa ya ndege.

Mtoto aliyechanjwa anaweza kumwambukiza ndugu yake?

Inawezekana, lakini ni nadra. Utafiti uliofanywa katika vituo vya kulelea watoto nchini Finland na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia watoto 197 wenye umri wa miezi 8 hadi 36. Miongoni mwa waliopewa chanjo, asilimia 80 walitoa kirusi cha chanjo puani, kwa wastani wa siku 7.6. Kati ya watoto waliocheza nao kila siku bila kupewa chanjo, ni mmoja tu aliyethibitishwa kuambukizwa. Hakupata ugonjwa mkali, na kirusi alichokipata kilikuwa kingali dhaifu.

Tahadhari inayobaki inahusu nyumba yenye mtu ambaye kinga yake imeporomoka kabisa, kwa mfano aliyetoka kupandikizwa uboho. Huyo akae mbali na mtoto aliyechanjwa kwa muda ambao daktari ataueleza.

Nani asipewe chanjo hii?

Haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa katika majaribio watoto wadogo waliopewa walikohoa kwa kukoroma kifua zaidi ya wenzao. Haipewi mjamzito, mwenye upungufu mkubwa wa kinga, wala mtoto anayetumia dawa zenye aspirini, kwa sababu aspirini pamoja na influenza inaweza kuleta maradhi hatari ya ini na ubongo. Mwenye pumu inayomsumbua mara kwa mara azungumze na daktari kwanza. Katika nchi yenye watoto wanaoishi na VVU, kigezo cha kinga kingehitaji utaratibu wazi kabla ya mpango wowote wa kitaifa. Watu hawa wote wanaweza kupewa chanjo ya sindano yenye virusi vilivyouawa, isipokuwa watoto walio chini ya miezi 6.

Nimesikia ina gelatini ya nguruwe na imetengenezwa kwa mayai. Waislamu na wenye mzio wafanyeje?

Chanjo ya FluMist, inayoitwa Fluenz katika nchi za Ulaya, ina gelatini inayotokana na nguruwe, ambayo huwekwa ili virusi visiharibike vikiwa katika hifadhi. Hili lisifichwe. Mzazi Mwislamu akiligundua baadaye peke yake, atapoteza imani na chanjo zote, hata zisizo na gelatini. Mwaka 1995 kongamano la wanazuoni zaidi ya 100 lililofanyika Kuwait lilitoa maoni kwamba gelatini iliyobadilishwa asili yake inakuwa safi na inaruhusiwa. Wako wanazuoni wasiokubali, na nchini Uingereza wazazi wa namna hiyo hupewa chanjo ya sindano isiyo na gelatini. Mzazi na amuulize sheikh anayemwamini huku akiwa na taarifa kamili ya dawa mkononi.

Kuhusu mayai, kiasi cha protini ya yai kinachobaki ni kidogo sana, na watoto wengi wenye mzio wa mayai wameipokea bila madhara. Aliyewahi kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa mzio wa mayai achanjwe chini ya uangalizi wa daktari.

Je, chanjo hii inafanya kazi?

Inafanya kazi, lakini si kila mahali na si kila mwaka, na katika swali hili ningependa msomaji asiridhike na jibu la neno moja.

Mwanzo ulikuwa wa matumaini makubwa. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1998 lilionyesha kinga ya asilimia 93 kwa watoto katika msimu wa kwanza. Mwaka 2007 jaribio jingine, lililolinganisha chanjo ya puani na ya sindano kwa watoto walio chini ya miaka 5, lilionyesha kwamba waliopulizwa puani walipata influenza kwa asilimia 55 pungufu ya waliodungwa. Kilichoelezwa ni kwamba chanjo hai huamsha kinga pale pale mlangoni, kwa kingamwili za aina ya IgA katika ute wa pua pamoja na seli za kinga, ilhali ile ya sindano huamsha hasa kingamwili za damuni.

Kisha yakaja masikitiko. Baada ya janga la mwaka 2009, sehemu ya chanjo inayohusu kirusi kipya cha aina A kilicholeta janga hilo, kiitwacho H1N1, ilionekana kutokinga vizuri, na katika msimu wa 2016 hadi 2017 kamati ya ushauri wa chanjo ya Marekani ilipendekeza isitumike. Uingereza, ambayo ilianza kuwachanja watoto kwa njia hii mwaka 2013, iliendelea nayo kwa kuwa takwimu zake hazikuwa mbaya kiasi hicho. Uchunguzi ulionyesha kwamba kirusi cha H1N1 kilichochaguliwa hakikuzaliana vyema katika seli za pua ya binadamu, na chanjo hai isiyozaliana haifanyi kazi. Kilibadilishwa, na pendekezo la matumizi likarudishwa kwa msimu wa 2018 hadi 2019. Kwa hiyo kudhoofisha kirusi ni kazi yenye mipaka miwili: kikiwa na nguvu kupita kiasi kinadhuru, na kikiwa dhaifu kupita kiasi hakifundishi mwili chochote.

Kwa Afrika, jambo la kuzingatia zaidi ni majaribio mawili ya mwaka 2013 yaliyotumia chanjo ya aina moja iliyotengenezwa India kwa mbegu ya Leningrad. Nchini Bangladesh watoto wa miaka 2 hadi 4 walikingwa kwa asilimia 57.5. Nchini Senegal, katika eneo la Niakhar, hakuna kinga yoyote iliyoonekana. Baadaye utafiti nchini Gambia ulionyesha kwamba kirusi cha H1N1 kilipobadilishwa katika chanjo hiyo, kilizaliana vizuri zaidi puani mwa watoto na kuamsha kinga kubwa kuliko kile cha awali. Huenda basi sehemu ya lawama ni ya kirusi chenyewe. Lakini matokeo ya Senegal yanatufundisha kwamba asilimia iliyopatikana Marekani au Bangladesh haiwezi kuandikwa katika bango la kituo cha afya cha Mbale kana kwamba ilipimwa pale.

Kwa nini basi chanjo hai ilipendekezwa kwa nchi zenye kipato cha chini?

Kwa sababu yai moja hutoa dozi nyingi zaidi za chanjo hai kuliko za chanjo ya virusi vilivyouawa, na kazi ya kusafisha ni ndogo. Haihitaji sindano wala mtu aliyefundishwa kudunga, na hakuna taka zenye ncha kali. Katika janga la dunia, ambapo nchi tajiri hununua kwanza, sifa hizo si ndogo. Kwa msingi huo Shirika la Afya Duniani lilifanya mapatano na taasisi ya St. Petersburg, jiji lililoitwa zamani Leningrad, iliyomiliki mbegu ya Leningrad ili watengenezaji wa nchi zinazoendelea waitumie. Kampuni ya Serum Institute of India ilipata idhini ya chanjo yake, Nasovac, mwaka 2010 wakati wa janga la H1N1, na chanjo yake ya msimu ikathibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Kasoro inayobaki ni mnyororo baridi, kwani chanjo lazima itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8 hadi siku ya kutumika.

Homa ya ndege je? Kwa nini tusichanjwe mapema kwa chanjo hai?

Mwezi wa Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kwenye fukwe za Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kirusi cha homa ya ndege kiitwacho H5N8 kikathibitishwa kwao na kwa kuku na bata wa kufugwa. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua, lakini wafugaji walipata hasara kubwa baada ya nchi jirani kuzuia kuku na mayai kutoka Uganda.

Mbegu za chanjo hai dhidi ya virusi vya homa ya ndege vya kundi la H5 zimekwisha kutengenezwa na kujaribiwa, baada ya kuondolewa sehemu ya hemaglutinini inayokifanya kirusi kuwa hatari sana kwa kuku. Hazitolewi kwa umma kabla ya janga kwa sababu ya kule kubadilishana vipande kulikotajwa hapo juu. Isingekuwa busara kuingiza katika pua za watu hemaglutinini ambayo bado haizunguki miongoni mwa binadamu, ikakutana na kirusi cha msimu kinachoambukiza kwa urahisi. Mbegu hizo huhifadhiwa zikisubiri siku ambayo hatari ya janga itazidi hatari hiyo.

Ziko njia mpya za kudhoofisha kirusi?

Ziko, na bado zinafanyiwa utafiti. Moja hukata sehemu ya protini NS1, ambayo kirusi huitumia kunyamazisha kengele ya kwanza ya kinga ya mwili. Nyingine huandika upya jeni kwa mamia ya mabadiliko madogo yasiyogeuza protini bali yanayochelewesha utengenezaji wake. Ya tatu hutoa kirusi kinachoingia katika seli mara moja tu na kisha hakiwezi kuendelea. Zote zinalenga kutokutegemea mabadiliko machache yaliyopatikana kwa bahati ya uteuzi.

Je, chanjo hii inapatikana Uganda, na ingehitaji nini ili ipatikane?

Chanjo ya influenza, iwe ya puani au ya sindano, haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini. Ili chanjo hai iingie, Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ingepaswa kuisajili, na jaribio lolote lingehitaji kibali cha kamati ya maadili pamoja na cha Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa maoni yangu jaribio hilo lifanyike hapa kabla ya kununua dozi nyingi, na lipime mambo matatu. Kwanza, iwapo virusi vyote vitatu vinazaliana katika pua za watoto wa Uganda, ambao wengi wao huishi na bakteria na virusi vingine puani mwaka mzima. Pili, iwapo waliochanjwa huugua influenza iliyothibitishwa maabara mara chache kuliko wenzao katika misimu isiyopungua miwili. Tatu, chanjo itolewe mwezi gani. Uwezo wa kupima hayo upo Entebbe tayari, na wazazi watakaoombwa kushiriki waelezwe matokeo ya Senegal sawasawa na yale ya Bangladesh kabla ya kutia sahihi.